MKATE juu ya paa: kisa cha herufi tano za Uhindini, Mbeya

Herufi K ndiyo iliyotukusanya. Usiku mmoja wa mvua za Januari upepo ulishuka kutoka Loleza, na kulipokucha K ya bango la juu ya paa ilikuwa imeilalia A, imebakiwa na bolti moja. Mama anayekaanga vitumbua chini yake akahamishia karai lake ng'ambo ya barabara. Ilipofika saa sita mchana mrithi mkubwa wa jengo alikuwa amekwishapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, bango zima, kwa kilo. Jioni nikaitwa mimi, kwa kuwa nilifanya kazi ya kuchora ramani za majengo kwa miaka mingi na majirani wanajua naweza kuandika barua ikaeleweka.

Walichotaka niandike kilikuwa kifupi: serikali ilitangaze bango la MKATE kuwa urithi unaolindwa, lisiguswe. Ombi hilo nililiandika, na bado naamini lilikuwa la haki. Lakini tuliliandika vibaya, na kosa lenyewe sikuliona mpaka nilipopanda juu ya paa. Sitataja majina ya wahusika wala jina la duka. Ni majirani, na mambo yao mengine hayahusiani na bango.

Jengo liko Uhindini, ghorofa moja, mbele lina ukuta mfupi unaoficha mabati ya paa. Mbeya ni mji wa juzi. Ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipovuta watu, na maduka ya Uhindini yakafuata watu hao. Jengo letu lilikuwa tanuri la mikate chini, makazi juu. Majengo mengi ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, hili halikuguswa, kwa sababu mwenyewe aliishi humo na kuoka humo. Baadaye aliliuza kwa mzee mmoja kutoka Rungwe, ambaye naye aliendelea kuoka hadi miaka migumu ya mwanzoni mwa 1980, unga ulipokuwa wa kutafuta na dizeli ya kutafuta zaidi. Tanuri likapoa. Leo kuna duka la simu, fundi cherehani na sehemu ya kutoa kopi. Kijana wa miaka ishirini wa mtaa huu hajawahi kunusa mkate ukiiva pale.

Ila anapaita Mkate. Konda anauliza "Mkate wapo?" na abiria anajibu "Wapo!" Mgeni akipiga simu amepotea anaambiwa panda mpaka uone MKATE juu, kisha kata kulia. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mtaa una kibao chake na kila nyumba ina namba yake, na ni jambo jema, gari la wagonjwa linahitaji namba. Bado sijamsikia mtu akimwelekeza mwenzake kwa namba. Kwenye ombi niliandika kwamba bango hili si tangazo tena, ni anwani. Hoja hiyo naisimamia mpaka leo, na ndiyo iliyokuja kutusaidia baadaye, ingawa si kwa njia niliyoitarajia.

Siku ya tatu nilipanda na fundi mzee anayechomelea mageti karibu na Mwanjelwa. Tulipitia dirisha la ngazi, tukakanyaga juu ya misumari, mahali palipo na mbao, ili bati lisibonyee. Kwa chini herufi zinaonekana ndogo. Ukisimama kando yake, M inakuzidi kimo. Kila herufi ni sanduku la bati lenye kina cha kiganja, limebebwa na engolaini mbili, yaani vyuma vya pembe, zinazotoboa paa na kushuka hadi kwenye kenchi. Ukingo wote una matundu ya balbu, na katika matundu mawili ya T bado kulikuwa na vishikio vya kaure, kimoja kimegeuka kiota cha nyigu.

Fundi hakusema kitu kwa muda. Aligonga M kwa kipini cha nyundo, akagonga A, akagonga tena M.

"Shikamoo mzee, kuna nini?"

"Marahaba. Hii A si ndugu wa hii M. Sikiliza."

Kweli, sauti zilikuwa mbili. Akachukua kisu cha putty akakwangua A pembeni: nyekundu, chini yake bluu, chini yake tena rangi ya maziwa. Akakwangua M: nyekundu, bluu, kisha bati tupu. E ilikuwa na rangi ya maziwa kama A. K na T hazikuwa nayo. Tukainama kutazama fremu. Engolaini zilikuwa na matundu ya bolti yasiyotumika, yamezibwa na rangi, na umbali wake haukulingana na herufi zilizopo. Nilitoa futi kamba nikapima, nikachora kwenye daftari, na nikiwa bado nimepiga goti nikaona jibu. Matundu ya A hii yalikuwa yamekaa nafasi moja kulia kwake, ya nne. E haikuwa mwisho, ilikuwa ya tatu. Herufi tano, ya tatu E, ya nne A. Bango lilisomeka BREAD.

Mtu fulani baada ya Uhuru aliamua mkate uitwe mkate. Hakununua bango jipya. Alifungua B, R na D, akaziacha A na E kwa kuwa lugha zote mbili zilizihitaji, akazibadilishia nafasi, akachonga M, K na T. Nilikaa juu ya ule ukuta nikashindwa kushuka. Tulikuwa tumeandika ombi la kulinda bango la zamani, kumbe juu ya vichwa vyetu ilikuwa imeandikwa, kwa bolti, siku ambayo mji ulibadilisha lugha ya mlango wake. Sijui jambo jingine Mbeya linaloonyesha hivyo kwa wazi namna hiyo.

Lakini niliona na kitu kingine, nacho ndicho kosa nililolitaja. Zile engolaini zinapotoboa paa, maji yanaingia. Kenchi mbili zilikuwa nyeusi, ukizibonyeza kwa kidole zinatoa maji. Chini ya kenchi hizo ndipo anapoishi mdogo wa mwenye nyumba na watoto wake watatu. Ombi letu lilisema bango lisiguswe. Lisipoguswa, litaanguka ndani ya chumba cha watoto.

Hapa lazima nimtendee haki yule mrithi mkubwa, kwa sababu mtaani alikuwa ameshapewa jina la msaliti. Nilipomfuata aliniambia, "Kaka, hilo bango mimi nimelipia ada ya mabango. Nimelipia tangazo la mkate ambao siuzi." Akanionyesha stakabadhi. Ada hiyo hutozwa kwa ukubwa wa bango, na herufi tano zinazozidi kimo cha mtu si bango dogo. Pili, ndugu zake wanataka kuongeza ghorofa, maana wapangaji wapo na mirathi ina watu sita. Ghorofa ikipanda, paa linaondoka, na bango limesimama juu ya paa. Tatu, K ingemwangukia yule mama wa vitumbua, mwenye kesi angekuwa nani? Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kisingizio.

Basi tukaisoma sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda bila kuombwa majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa kwa mkono ina mwaka wake, 1940. Kwa mtu wa Kilwa au Bagamoyo 1863 ni mwaka wenye maana. Huku kwetu unaacha nje karibu kila kitu kilichosimama. Mwaka 1863 Mbeya haikuwepo. Iringa mjini haikuwepo. Hata ngome ya Mkwawa pale Kalenga, ile ambayo Wajerumani waliivunja Oktoba 1894, ilijengwa baada ya mwaka huo. Kipimo kilichowekwa kwa mawe ya pwani kimewekwa juu ya nyanda za juu, na nyanda za juu zinaonekana hazina historia ya majengo.

Mlango mwingine upo: waziri anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali jengo au mahali penye thamani ya kihistoria, hata kama ni pa karibuni. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inagusa uhifadhi wa majengo yenye thamani ya usanifu au historia, na kuna Sera ya Malikale ya 2008. Kwa hiyo si kweli kwamba haiwezekani. Tuliandika barua mbili. Ofisi moja ilitujibu kwa adabu kwamba ombi ni la jengo au la bango, tufafanue. Wakati ule jibu hilo liliniudhi. Sasa naona lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa.

Nikatafuta kama kuna mji uliowahi kulijibu. Upo, na Watanzania wanaufahamu kwa sababu ya mbio. Pale Boston, Marekani, katika Kenmore Square, kuna bango kubwa la kampuni ya mafuta ya Citgo juu ya paa la jengo, mraba wa futi 60 kwa 60, lenye pembetatu nyekundu. Wanaokimbia Boston Marathon wakifika chini yake wanajua wamebakiza kama maili moja. Juma Ikangaa alipita hapo miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mara zote akamaliza wa pili. Ule mwaka wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Gabriel Geay alikuwa wa pili mwaka 2023, Alphonce Simbu wa pili mwaka 2025. Nani ajuaye pembetatu ile inaonekanaje kwa mtu ambaye miguu imekwisha na mbele yake yupo mmoja tu? Kwa hao, tangazo la mafuta limekuwa kipimo cha umbali, kama MKATE ulivyo kwa konda.

Bango lilianza mwaka 1940 kwa jina la zamani la kampuni hiyo, Cities Service, na pembetatu ikaja 1965. Mwaka 1979 lilizimwa kuokoa umeme, na mwaka 1983 mafundi walikuwa wameanza kulibomoa watu walipopiga kelele mpaka likawashwa tena. Mirija yake ya neoni ilibadilishwa kuwa taa za LED mwaka 2005. Halafu jengo likauzwa kwa kampuni ya uendelezaji, na mwaka 2016 ombi la hadhi ya kulindwa likarudi kwa nguvu. Novemba 2018 tume ya jiji inayohusika na urithi ilipiga kura kulipa hadhi hiyo. Mwezi huohuo meya, Martin Walsh, akaikataa. Aliona inatosha kwamba mwenye jengo na mwenye bango walikuwa wameafikiana libaki mahali pake.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa meya au kushindwa kwa wapenda urithi. Mimi nakisoma hivi: bango la juu ya paa lina wenyewe watatu. Yupo mwenye paa, yupo mwenye bango, na yupo mtu wa chini anayelitazama. Sheria za urithi zimezoea kushughulika na mwenye mali mmoja na umma. Hapa zinamkuta mtu aliyebeba kitu cha mwingine kichwani, na kumwambia asiinamishe kichwa. Maafikiano ya Boston yaliwaweka mezani wawili wa kwanza. Ile hadhi ndiyo ingempa yule wa tatu kauli isiyotegemea hisani ya wawili hao. Ndiyo maana nadhani meya alikosea, ingawa bango linawaka hadi leo.

New York walikuwa na njia nyingine. Bango la Pepsi-Cola la Long Island City lilikuwa juu ya kiwanda cha soda. Dhoruba ililiharibu, likajengwa upya mwaka 1993. Kiwanda kikafungwa 1999 na kubomolewa, na bango likasimamishwa tena kwenye bustani kando ya mto. Mwaka 2016 likapewa hadhi ya kulindwa, ombi lililokuwa limekaa tangu 1988. Ndugu za mrithi walipenda sana mfano huo: tulishushe, tuliweke hata bustanini. Nilipinga, na bado napinga. Pepsi-Cola husomwa kutoka ng'ambo ya mto, na mto haukuhama. MKATE husomwa na mtu anayepanda mlima kutoka barabara kuu ya Tunduma. Ukiliweka bustanini unakuwa na vyuma vitano vya kupigia picha, na mgeni aliyepotea anabaki amepotea. Nilichokichukua New York ni kwamba kukarabati si kuua. Kama walijenga upya wakabaki na bango lao, K yetu inaweza kupata bati jipya.

Na lile la Montreal, Kanada, lilinigusa kwa sababu zangu. Juu ya kinu cha unga kuna maandishi mekundu, FARINE FIVE ROSES. Zamani lilikuwepo na neno la mwisho, FLOUR. Liliondolewa mwaka 1977, sheria ya lugha ya Kifaransa ilipopita. Pengo lake watu wa Montreal wanalijua. Mji mwingine, unga uleule, lugha ikipanda juu ya paa kurekebisha bango. Niliwasomea majirani jambo hilo kwenye kikao, na yule mrithi ambaye alikuwa akitazama simu yake akainua kichwa akasema, "Kumbe baba alisema kuna herufi ziko stoo."

B na D zilikuwepo. Chini ya magunia, B imekunjika tumbo. R haijapatikana.

Kikao hicho kilifanyika nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, kahawa ikapita mara mbili, na ndipo nilipoomba ruhusa ya kulirudia ombi lote upya. Nikaondoa neno "lisiguswe." Nikachora paa kama lilivyo, kenchi zilizooza zikiwa zimetiwa alama, na mchoro wa pili wa jengo likiwa na ghorofa mpya iliyorudishwa nyuma hatua sita kutoka ukuta wa mbele. Fremu ya bango inashuka kwenye nguzo za zege za ukuta huo, haitoboi tena paa. Kwa hiyo ghorofa inapatikana, watoto hawanyeshewi, na anayepanda kutoka barabara kuu anaisoma MKATE mahali pale pale, kimo kile kile. Hatua hizo sita ziligombaniwa kuliko yote. Ndugu mmoja alipiga hesabu ya vyumba viwili vinavyopotea, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Tulimaliza kwa hatua nne na nusu. Kwa nne na nusu, kutoka kona ya chini, mguu wa juu wa K unagusa ukuta wa nyuma yake na hauna mbingu. Niliwaambia hivyo, nikashindwa, nikasaini.

Makubaliano mengine ni ya kawaida. Wapangaji watatu wa chini wanachangia rangi kila mwaka kabla ya mvua, kwa kuwa wote wanaandika "jengo la Mkate" kwenye stakabadhi zao. Warithi hawaliuzi wala kulibadilisha neno bila kikao cha mtaa. Fundi mzee analikagua kila Oktoba. Na suala la ada: tuliandika kwamba bango haliuzi bidhaa yoyote, ni alama ya mahali, tukaambatisha sahihi za makonda na waendesha bajaji. Ada hiyo imesimamishwa wakati maombi yanasubiri uamuzi. Hapo ndipo ile hoja ya anwani ilipofanya kazi.

Lakini makubaliano haya yana tundu, na nalisema wazi ili wa Iringa au Njombe watakaotufuata wasilifiche. Watu walioyasaini ndio yanayowafunga. Warithi wakiuza, mnunuzi anaingia na winchi yake na karatasi yetu inabaki kwenye faili la mwenyekiti. Mwanasheria tuliyemwendea alitushauri tutafute namna ya kuyaingiza kwenye kumbukumbu za hati ya kiwanja, na warithi wanne kati ya sita wamekubali. Wawili bado, wanahofia bei ya nyumba kushuka. Ni hofu ya kweli. Kwa ajili ya hao wawili, na kwa ajili ya mnunuzi ambaye hajazaliwa kwenye kisa hiki, bado naitaka ile hadhi ya kisheria. Barua ya tatu imekwenda. Safari hii inajibu lile swali: tunaomba kwa ajili ya bango pamoja na ukuta unaolibeba na kipande cha mbingu kilicho nyuma yake, kuanzia kona ya chini hadi juu, kwa vipimo.

Barua haijakamilika bila michoro ya herufi zote tano kwa ukubwa halisi, pamoja na matundu ya zamani. Nimemaliza M, K, A na T. E iko mwisho wa ukuta, upande usio na pa kushika, na bati lake bado limelowa. Fundi amesema tungoje mvua zikatike.